Zamu Yetu ya Kupanda

Mwezi wa tatu ukikaribia, mimi huanza kuogopa simu yangu mwenyewe. Majirani zangu hapa Lucky Summer, Nairobi, wanaogopa matope na choo cha ploti kufurika. Mimi naogopa mama mkwe. Atapiga asubuhi nikiwa na mswaki mdomoni, hataniuliza hali wala habari za watoto, atasema tu, "Huku imeshuka," yaani mvua, kisha atanyamaza angoje nimwambie tunafika lini. Na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nitadanganya.

Nieleze vizuri. Kwa akina mume wangu, kule magharibi karibu na ziwa, hakuna mtu anayetia mbegu ardhini kwa kujiamulia. Mama mwenye boma hupanda kwanza. Akimaliza, inafuata nyumba ya mtoto wake wa kwanza wa kiume, halafu ya pili, hivyo hivyo mpaka kitinda mimba. Ukiruka zamu umemruka mkubwa wako, na kumruka mkubwa, wanavyoamini wao, ni kumwitia kifo. Mume wangu ndiye wa kwanza. Kwa hiyo baada ya mama ni sisi. Wala hutumi mtu akupandie. Ni mimi, kwa mkono wangu, na usiku wa kuamkia siku hiyo mimi na mume wangu tuwe tumelala kwenye nyumba yetu ya kule nyumbani. "Na msilale kama kaka na dada," mama mkwe alinieleza mwaka nilioolewa, bila haya hata kidogo, huku akichambua dagaa. Mimi sikujua nitazame wapi.

Nyuma yetu yuko shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye hakuwahi kuhama nyumbani, na mke wake. Kule sisi wawili tunahesabiwa kuwa wake wenza, ingawa kila mmoja ana mume wake. Yeye huniita Mkubwa, mimi humwita mdogo wangu. Ana watoto wanne, na kila mwaka chakula cha watoto hao kilitegemea kitu kimoja: mimi na mume wangu tupate ruhusa kazini Nairobi. Tusipofika, yeye hapandi. Haya, niambie ni nani alipanga mambo namna hii.

Zamani desturi hii haikumuumiza mtu. Nilipoolewa, kilima chote kile kilikuwa mtama na wimbi. Mtama hauna haraka. Wengine waliumwaga kwenye udongo mkavu hata kabla ya mvua, wengine walichelewa wiki mbili tatu, na wote walivuna. Zamu ilizunguka polepole kutoka nyumba hadi nyumba, watu wakafanya kama sherehe. Ila ugali wake ni wa rangi ya udongo, na mimi nimezaliwa Eastlands, baba yangu alikuwa fundi wa reli, ugali ninaoujua mimi ni mweupe. Nilipowekewa sahani ya kwanza nilicheka mbele ya wakwe. "Huu ni ugali ama ni chokoleti?" Nikasema hivyo kweli, jamani. Safari iliyofuata nikabeba mbegu ya mahindi ya dukani, pakiti mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu, nikajiona nimewaletea maendeleo.

Sisemi ni mimi niliyebadilisha kilima kizima. Wake wengine wa mjini walibeba mbegu kama mimi. Watoto walikwenda shule, mtama ukakosa mtu wa kufukuza ndege. Miaka michache tu, mtama ukasukumwa pembeni, halafu ukabaki kwa mama mkwe peke yake, kijisehemu nyuma ya jiko. Kwingine kote ni mahindi mpaka ukingoni mwa barabara.

Sasa mahindi yana wazimu wao. Yanataka mvua ya kwanza kabisa. Aliyepanda siku tatu baada ya mvua anavuna magunia, aliyepanda wiki tatu baadaye anavuna majani ya ng'ombe. Na mvua nayo ikaanza kukosa adabu. Mwaka mmoja inakuja mwezi wa pili, inadanganya watu, inaondoka. Mwaka mwingine inakuja wa nne, inamwaga yote kwa pupa, inaisha. Mbegu tuliibadilisha, na mvua ikabadilika. Zamu ikabaki vilevile, na wa kwanza kwenye zamu alikuwa Industrial Area akifunga biskuti.

Ndiyo kazi yangu hiyo. Kibarua. Asubuhi mnapanga foleni kwenye geti, supavaiza anawatazama usoni, wewe ingia, wewe ingia, wewe ngoja. Ukikosa wiki moja uso wako umesahaulika. Kuna wanawake wanatoka Mukuru kwa Reuben, wao wanavuka barabara tu, wameshasimama pale kabla mimi sijatoka nyumbani. Mume wangu yeye ana kazi ya kudumu, kiwanda cha masufuria, lakini likizo ya mwezi wa tatu kuipata ni vita. Miaka mingi alikuwa anasema mama yake anaumwa, mpaka bosi akamuuliza, "Huyu mama yako anaumwa kwa kalenda?" Siku aliyojaribu kusema ukweli, ofisi nzima ilikufa kwa kicheko. "Kwani huko kwenu hakuna mtu mwingine mwenye mikono?"

Basi tukawa watu wa kudanganya. "Tuko njiani, mama." Niko barazani nafua yunifomu kwenye beseni, nasema tuko njiani. Na mdogo wangu anatuma ujumbe. "Mkubwa, habari za huko. Ng'ombe wa kulimia nimeshapata." Baada ya siku nne: "Mkubwa, mmepata nafasi?" Baada ya wiki: "Mkubwa, za jirani zimeota." Mwisho alituma neno moja tu, "Mkubwa." Hapakuwa na lingine. Nilikuwa nikiona ujumbe ule napandwa na hasira, nauweka uso wa simu chini kwenye meza. Nilimkasirikia yeye. Sikumkasirikia supavaiza, wala mvua, wala mama mkwe na sheria zake. Nilimkasirikia mwanamke aliyekuwa na shamba lililolimwa na mbegu ndani ya kikapu na hana ruhusa ya kuinama.

Kuna mwaka tulifanya ujinga ambao nikiukumbuka hata sasa nasonya peke yangu.

Mvua ilikuwa imenyesha kule siku kumi. Bosi wa mume wangu alikuwa amekataa katakata. Na mimi kiwandani kulikuwa na oda kubwa, ukija kila siku unaahidiwa mwezi mzima bila foleni. Jumamosi moja mume wangu akarudi na uso wa mtu aliyegundua dawa. Nyuma ya ploti zetu, ukishuka, kuna mto, na kando ya mto watu wamepanda sukuma wiki, nduma, majani ya ng'ombe, kila mtu kakipande kake. Jirani yetu mmoja alikuwa na kakipande ambako alikuwa hakatumii. "Tukipanda hapa," mume wangu akasema, "tumefungua mwaka. Nyumba yetu ni hii, tunalala pamoja, mke ni wewe, mkono ni wako. Ardhi ni ardhi." Nilitaka sana iwe kweli. Sikuuliza swali hata moja.

Jumapili baada ya kanisa tukateremka na nguo zetu za ibada. Nilikuwa na viatu vya kisigino, nikavua. Mume wangu akachimba mashimo, mimi nikatia mbegu, mistari mitatu mifupi. Vijana waliokuwa wakiosha pikipiki mtoni wakatuita, "Niaje mathee, leo kanisa imehamia shambani?" Nikawacheka. Nilikuwa na furaha, nisidanganye. Mume wangu akapiga simu nyumbani, akaweka sauti ya juu ili sote tusikie baraka.

"Mama! Tumepanda!"

"Mmepanda wapi?"

"Huku huku, karibu na nyumba. Sasa wewe mwambie mke wa mdogo wangu apande."

"Shamba la nani?"

"La... ni la watu tu, mama. Kando ya mto."

"Baba yako amezikwa huko?"

Mume wangu akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na jibu.

"Basi mmehama," mama mkwe akasema. Hakupandisha sauti. "Mtoto wa kwanza akifungua mwaka kwenye ardhi ya watu, ameweka boma lake huko. Sasa hapa zamu yako sijui iko wapi. Uje tuitafute." Akakata.

Hapo ndipo tulipoharibu. Mwanzo ilikuwa tumechelewa tu, sasa tukawa tumevuruga. Alitaka tung'oe kila kilichoota, twende wote wawili, shangazi za mume wangu waitwe wakae na kuamua kama bado tunahesabiwa. Na mpaka hayo yaishe hakuna mkono wa mtu kwenye mbegu. Tuling'oa. Mahindi yalikuwa yamefika urefu wa kidole. Ruhusa ya mume wangu ilikuja wiki ya sita. Shangazi walikaa, wakanywa chai, wakatukaripia mchana kutwa, wakatusamehe. Kesho yake nilipanda asubuhi na mapema, na mdogo wangu alipanda jioni ileile, mbio, karibu anakimbia na kikapu. Wiki mbili baadaye mvua ilikatika. Mahindi yake yalifika magotini, yakatoa maua, yakakauka yakiwa yamesimama.

Hakulalamika. Angenitukana ningejua la kufanya, ningejitetea, mimi mdomo ninao. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi, akanibebea mfuko, akasema nisalimie watoto.

Mwaka uliofuata ujumbe haukuja. Mvua ilinyesha, mama mkwe akapiga kama kawaida, lakini kwa mdogo wangu kimya. Nikashusha pumzi. Nikadhani amezoea, au mume wake amepata kazi. Basi lililokuwa likituletea gunia la mahindi kutoka nyumbani likaanza kutuletea unga wa muhogo, na viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Tulipofika huko, mara nyingi tukiwa tumechelewa, niliona muhogo umeshika shamba lake lote, na sehemu nyingi za kilima. Mimi nikajieleza mwenyewe. Nikasema ni ukame. Nikasema ni viwavijeshi waliokula mahindi ya watu msimu ule. Nikasema bila shaka walikuja mabwana shamba wakawafundisha. Nilimweleza hata jirani yangu hapa, aliyetupatia kile kipande cha kando ya mto: watu wa kwetu wameamka, wanafuata utaalamu. Nilikuwa profesa kweli.

Mwaka huu kiwanda kilileta mashine mpya ya kufunga biskuti. Januari supavaiza akatoka getini akatuambia tusirudi. Miaka yote ile ya kulinda uso wangu kwenye foleni, imeisha kwa sentensi moja. Nililia siku mbili. Ya tatu nikajifuta, nikasema basi angalau jambo moja litakwenda sawa. Mume wangu akaomba likizo yake mapema. Tukafika nyumbani mwezi wa pili, udongo bado mkavu, na mimi nina pakiti mbili za mbegu, yangu na ya mdogo wangu. Nikamtafuta mwenye ng'ombe nikamwambia alime mashamba yote mawili, la kwangu kisha la kwake. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka kumlipa ule mwaka bila kuutaja.

Mwenye ng'ombe alimaliza kwangu, akageuza ng'ombe, akasimama mpakani. "Mama, huku nianzie wapi? Hapa pana muhogo."

"Anzia pale chini," nikasema. "Ng'oa ule wa zamani."

Mdogo wangu alitoka jikoni na mikono yenye unga. Hakukimbia. Alikuja akasimama mbele ya ng'ombe.

"Hapa hapalimwi."

"Mdogo wangu, nimekuletea mbegu. Mwaka huu nimewahi! Nikipanda tu, kesho yake ni wewe."

"Naona umewahi, Mkubwa. Asante. Lakini mimi sina zamu tena."

Mwenye ng'ombe akajifanya anafunga kamba. Mdogo wangu akanieleza pale pale, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za soko. Kwamba baada ya mwaka ule alimwendea mama mkwe, akamwambia mwakani atapanda, mkubwa awepo asiwepo, na kama kuna wa kufa afe. Mama mkwe hakusema naye siku mbili. Siku ya tatu akaja asubuhi na panga na mzigo wa vijiti vya muhogo, akautupa mlangoni. "Wazee walituachia sheria ya mbegu," akamwambia. "Hiki ni kijiti. Panda leo." Yeye mwenyewe akamkatia vipande, akamwonyesha namna ya kuvilaza. Mama yuleyule aliyenipigia simu kila mwaka.

"Na si mimi peke yangu," akasema. "Tazama pale."

Akaninyooshea kidole upande wa pili wa bonde. Lile shamba la muhogo, kaka mkubwa yuko Mombasa. Lile, yuko Arabuni. Lile la chini, yuko Nairobi kama nyinyi. Na yale mashamba matupu yaliyolimwa yanangoja mvua, yale ya mahindi, wakubwa wao wanaishi hapa hapa. Nilitazama kilima kile mpaka macho yakaniuma. Miaka yote nimekipita nikisema ni ukame. Kumbe ni sisi.

"Mbona hukuniambia?" nikauliza, na sauti yangu ilitoka na hasira, kwa sababu nilikuwa na hasira.

"Nilikuandikia mpaka maneno yakaniishia. Ikabaki jina lako tu."

Kisha akaniuliza kama najua kwa nini msichana wake mkubwa hakurudi shule muhula wa mwisho wa mwaka ule. Nilikuwa najua kwamba aliacha kidato cha pili akaenda kufanya kazi kwenye nyumba za watu Kisumu. Nilisikia, na nilisema kitu. Nilisema kwenye matanga, mbele ya wakwe, kwamba wasichana wa siku hizi wanapenda mji kuliko kitabu.

"Alienda ili wadogo zake wale," mama yake akasema. "Alikuwa wa tatu darasani. Sasa ameolewa, ana mtoto. Hataki kurudi, nimemwomba."

Nilitaka kusema nilizuiwa na bosi, na supavaiza, nikadanganywa na mume wangu na ile "ardhi ni ardhi" yake. Yote hayo ni kweli. Nikayameza. Mwenye ng'ombe akauliza kama aondoke, nikamwambia aondoke.

Mvua ilishuka siku ya tisa tangu tufike. Mama mkwe alitia mtama wake nyuma ya jiko, polepole, akishikilia kiuno. Kesho yake nikaingia shambani kwangu. Mume wangu anachimba, mimi natia mbegu, na mistari inakwenda upande kwa sababu macho yangu yalikuwa hayaoni sawasawa. Mdogo wangu alipoona hivyo akaenda akaleta kamba na vigingi viwili, akashika ncha moja bila kuulizwa. Tulifanya kazi mpaka saa saba. Muhogo wake ulikuwa umesimama pembeni yetu, unatupita urefu.

Tulipofika mstari wa mwisho akakung'uta udongo mikononi, akaviringisha kamba yake. "Haya," akasema, "sasa na nyinyi mmepanda," akaenda kuwapikia watoto wake.